Jeneza Juu ya Gari la Rizwan

Lubaba, acha chochote ufanyacho. Kaka yangu Rizwan kakwama na gari kichochoroni, hapa chini ya dirisha letu!

Wamkumbuka fundi Suleman? Kafariki leo alfajiri. Mwezi mzima alimwambia Rizwan, "Mpira wa dizeli umepasuka. Ukivuta hewa, gari litazima. Ubadilishe." Rizwan akaupaka sabuni ya mche. Sabuni, Lubaba!

Sasa alikuwa akiwahi kumsalia, akakunja vioo, akapita njia ya mkato. Gari likazima katikati. Dizeli yatiririka, milango haifunguki, ukuta huku na ukuta huku.

Mara nasikia nyuma yake, "La ilaha illallah!" Jeneza. Jeneza la Suleman mwenyewe, lapelekwa msikitini!

Watu wakasema, "Maiti hangojeshwi." Wanaume wakapanda juu ya gari, wakalipitisha jeneza juu ya paa. Juu ya paa, Lubaba, naye Rizwan yumo ndani ya gari!

Nilitaka kumcheka. Kisha nikamwona kupitia kioo cha mbele: kanyoosha mikono yote miwili, kaibandika paani kwa ndani, machozi yamtoka, naye ambeba fundi wake.