Nilimwambia Kocha Kwamba Ni Mashine

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umri wako unaipokea, na kama haupokei basi chukua salamu ya kawaida, mimi ni fundi cherehani wa makoti ya kiume, nina miaka hamsini na sita, naomba unisaidie kabla ya Jumatano ya mwisho wa mwezi kwa sababu nimejifunga mwenyewe na sioni pa kutokea.

Mimi na marehemu mke wangu tulifanya kazi chumba kimoja kwa miaka ishirini na tisa, mimi nikipima, nikikata na kushona kwa cherehani, yeye akimalizia kwa mkono, yaani matundu ya vifungo, na hapo ndipo jina letu lilipokuwa, maana mafundi wengi siku hizi wana mashine inayoshona tundu kwa dakika moja na sisi tulikuwa tukiwacheka, yeye tundu moja lilimchukua karibu nusu saa, amekaa kwenye kiti chake cha dirishani na subana kidoleni kumkinga na sindano, na mteja akirudi baada ya miaka kumi kupanuliwa kiuno kwa sababu ya kitambi, unakuta bitana imechoka, kola imechoka, matundu yapo kama yalivyotoka mkononi mwake. Alifariki mwaka jana, sasa ni mwaka na miezi miwili, aliugua wiki tatu tu. Asubuhi ile ya kupelekwa hospitali alikuwa anashona koti langu mimi, maana fundi ndiye hushonewa wa mwisho, amemaliza matundu mawili na la tatu amefika katikati, akasema, "Ngoja nijinyooshe kidogo, hili nitalimalizia nikiamka," akaichomeka sindano palepale na uzi wake. Sindano hiyo ipo mpaka leo. Koti limetundikwa nyuma ya mlango na mimi napita upandeupande nisiliguse.

Tangu siku hiyo, Mshauri, napima, nakata, nashona, napiga pasi, lakini nikifika kwenye matundu mikono inagoma, nalitundika koti na kuanza jingine, na sasa yamefika thelathini na moja, yameziba dirisha hadi meza ya kukatia haipati mwanga. Wateja nawaambia waje wiki ijayo, na wengine ni watu waungwana sana, wamekuja wiki ijayo mara saba.

Tuna mtoto mmoja tu, binti, ni mpima ardhi, alipata kazi mbali, safari ya siku mbili, akaiahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya msiba na mara ya pili kwa sababu yangu, na waajiri wakamwambia hakuna mara ya tatu. Ndiye aliyesema anipeleke kwa kocha wa maisha. Nilimuuliza, mimi na magoti haya nitachezeshwa namba ngapi, akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mama yake aondoke, basi nikakubali kwenda ili acheke tena.

Kocha mwenyewe ni mama mmoja mtulivu, ana chumba juu ya duka la vioo, viti viwili na meza ndogo basi, na mimi nilidhani ataniambia la kufanya kama daktari anavyokuandikia dawa, kumbe anauliza tu, unataka nini kiwe tofauti, kinakuzuia nini, wiki hii utafanya lipi dogo, halafu ananyamaza mpaka ujibu. Sikuzoea, Mshauri, mimi ndiye hupima watu, sipimwi. Basi nikaanza kumwangalia yeye kama mteja, anapenda nini, nimkatie hichohicho, akiuliza lengo nampa lengo zuri, akiuliza kama nimelitimiza nasema nimelitimiza, nimeshamaliza makoti mawili, matano, tisa, na yeye anafurahi kwa dhati na mimi naona aibu.

Siku ya nne akasema anataka kuielewa zaidi kazi yangu, nimweleze koti linavyoshonwa tangu kitambaa hadi mteja analivaa, nikamweleza kila kitu vizuri mpaka nikafika kwenye matundu, nikayaruka, nikaenda kwenye vifungo. Akainua macho akauliza, "Na matundu, yalikuwa yakishonwa na nani?"

Nikasema, "Mashine."

Alinitazama tu, na mimi nikachukua daftari langu nikaaga nusu saa kabla ya wakati. Mshauri, yule mwanamke alishona matundu miaka ishirini na tisa mpaka kidole cha shahada kikawa kigumu kama ngozi ya kiatu, na mimi mume wake, nilipoulizwa, nimemfuta kwa neno moja, nimemwita mashine, na sikujua kwa nini nimesema hivyo na mpaka leo sijui. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumtazama hata kwenye picha.

Sikurudi tena kwa kocha, lakini binti hajui. Kila Jumatano naondoka na daftari langu kwapani, naenda kukaa saa nzima kwenye benchi la kliniki ya meno, nimekuwa mgonjwa wa meno asiye na jino bovu, wahudumu wamenizoea wananisalimia, halafu narudi na binti ananiuliza kocha amesema nini leo, na mimi natunga. Kocha amesema nisile peke yangu. Kocha amesema nitembee asubuhi. Na mwezi uliopita tukiwa mezani nikatunga hili: kocha amesema kijana asiyaweke maisha yake kiporo kwa ajili ya mzazi, mzazi mwenye akili hawezi kulifurahia hilo. Binti akaweka kijiko chini, kesho yake akawaandikia wale waajiri kwamba anakuja.

Mshauri, niliingia chumba cha kazi nikalia katikati ya makoti, na sikujua nalia kwa furaha au kwa nini.

Sasa anaondoka mwisho wa mwezi, nimemkatia koti la safari, ndilo la thelathini na moja, halina matundu, na ameniambia Jumatano kabla ya safari lazima twende wote kwa kocha akamshukuru kwa kumrudishia baba yake. Nikimwambia ukweli hataondoka, namjua, na kazi itampotea kwa ajili yangu. Je, nimwendee kocha kwa siri nimwombe anifichie, au nijifanye mgonjwa siku hiyo? Na hebu niambie, hawa makocha wanamsaidia mtu nini hasa kama kazi yao ni kuuliza tu?

Mimi,
Fundi wa Makoti Thelathini na Moja

*

Mshauri anajibu:

Marahaba, Fundi. Umri unaipokea na chenji inabaki.

Pole. Nalisema hilo kwanza na nalisema kwa moyo, kwa sababu naona katika barua yako yote hakuna mahali umeandika kwamba mtu alikupa pole ukaipokea. Umempoteza mke na mwenzako wa kazi siku moja, na bado unaamkia chumba kilekile mlichofanyia kazi. Ningeshangaa kama mikono isingegoma.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza kocha anasaidia nini kama anauliza tu, wakati swali lake moja limekukimbiza ngazi zote zile hadi kliniki ya meno. Mimi hapa kazi yangu ni kukuambia la kufanya. Nakuambia, unakunja gazeti, na kesho sitajua kama ulifanya. Kocha hafanyi hivyo. Anaanzia pale uliposimama, anakuuliza unataka kufika wapi, anakuacha wewe mwenyewe uchague hatua, na wiki ijayo anakumbuka ulichosema na anakuuliza tena. Ni mtu unayemwahidi halafu hasahau. Wengi wetu hatuna mtu kama huyo, ndiyo maana tunajiahidi mambo yaleyale kila mwaka.

Lakini msaada huo, kama koti, unakaa mwilini kwa vipimo vya kweli tu, na hilo sikufundishi mimi. Mteja akikuvutia tumbo ndani wakati unampima, koti likambana, kosa ni la nani? Wewe umevuta tumbo ndani majuma manne, kisha unalalamika koti. Makoti tisa umemaliza, na hujamaliza hata moja. Mama wa watu alikuwa anafurahia ushindi ambao haupo, na wewe ukarudi nyumbani na majonzi yako yaleyale, ukiwa umeyaongezea aibu.

Kuhusu neno lile, mashine. Umelibeba kama vile umemzika mara ya pili. Sikiliza. Hukumfuta mkeo. Ulifika mbele ya jina lake na hukuweza kulitamka, ukachukua neno la karibu. Mimi nina miwani ya mtu kwenye droo ya jikoni, mwaka wa tisa huu, na mgeni mmoja aliponiuliza ni ya nani nikasema niliiokota. Nilijichukia wiki nzima. Kwa hiyo sikuhukumu, lakini pia sikuruhusu uishie hapo, kwa sababu mimi niliishia hapo na sikushauri unifuate.

Tuje kwa binti. Usimwendee kocha kumwomba akufichie. Kwanza atakataa, na akikubali basi hafai kuwa kocha. Na usijifanye mgonjwa. Binti anayeweza kuahirisha kazi mara mbili ataahirisha ya tatu kwa homa yako ya uongo, na hapo utakuwa umemharibia mwenyewe. Mwambie kabla ya Jumatano, mchana, mkiwa mmekaa katika chumba cha kazi na si mezani, ili ayaone makoti. Mwambie ulikuwa unakwenda wapi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na usimkatize kwa kujitetea.

Kisha atasema, kama unavyoogopa, kwamba haendi. Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri. Yale maneno ya kijana asiyaweke maisha yake kiporo, ulisema ni ya kocha. Kocha gani, Fundi? Kwa maelezo yako mwenyewe huyo mama haambii watu la kufanya, anauliza tu. Maneno yale ni yako. Yalitoka kinywani mwako, yakamfungulia mwanao mlango, na wewe ukaogopa kusema ni yako kwa sababu ulidhani baba aliyeshindwa kutoboa tundu hana haki ya kutoa ushauri. Mrudie mwanao uyaseme tena neno kwa neno, na safari hii anza na "Mimi baba yako nasema." Hayatapungua nguvu. Yataongezeka.

Jumatano nendeni wote wawili. Chukua lile koti la nyuma ya mlango, na sindano yake kama ilivyo, funga kwa shuka jeupe isichomoke. Panda ngazi, kaa kwenye kiti chako, na umwombe kocha akuulize swali lile tena. Safari hii mtaje. Taja jina lake, na kiti cha dirishani, na subana. Ukilia, lia. Inawezekana kocha akakuambia kwamba mzigo huu unahitaji pia mshauri nasaha wa wafiwa, mtu wa kukaa na msiba wenyewe kabla ya kupanga ya mbele. Usidhani anakufukuza, kocha mzuri anajua kazi yake inaishia wapi. Nenda kwa huyo, na kwa kocha urudi baadaye, kwa sababu yale makoti yatahitaji mtu wa kukuuliza kila wiki umefikia wapi.

Yale makoti thelathini ya wateja yaache wiki hii. Waambie wateja ukweli: mwenzangu aliyekuwa anamalizia amefariki, nipeni muda au chukueni mkamalizie kwingine. Hao waungwana wa mara saba watakupa muda, na huenda wamekuwa wakisubiri uwaambie. Koti la wiki ijayo mara saba nyingine hawatalisubiri. Tundu la tatu la koti lako, lile lenye sindano, usiliguse mpaka siku utakayotaka mwenyewe. Hakuna anayekuharakisha, na hata lisipokwisha maisha yako yote si kosa.

Lakini koti la binti ni la safari, na safari ina tarehe. Hilo litoe pale lilipotundikwa, kaa nalo dirishani, kwenye kile kiti, ndiyo, kwenye kilekile, na uyashone matundu yake kwa mkono wako. Ulimtazama akifanya miaka ishirini na tisa, kwa hiyo usiniambie hujui. Yatakuwa mabaya. Moja litakuwa pana na jingine litapinda, na utataka kuyafumua uanze upya. Usifumue. Mvalishe avae hivyohivyo, umfungie vifungo mwenyewe, na umuage akiwa amelivaa. Huko aendako kuna siku mtu atayaona matundu yale yaliyopinda kwenye koti zuri namna ile na atamuuliza yalishonwa na nani, na mwanao hatasema ni mashine.