Injini ya Mjapani Ndani ya Alfa ya Baba Yako

Souto do Vale,
Juni 1998, wiki ya Mtakatifu Yohane

Adérito mjukuu wangu,

Miaka minne! Hata mbayuwayu wa chini ya paa langu wana adabu kuliko wewe. Wao huenda Afrika kote huko, na ikifika Machi wamerudi, na hawana gari. Wewe una gari, una mshahara, una miguu miwili niliyoikanda kwa mafuta ya zeituni ulipokuwa mchanga, na Luxemburgi si mbinguni. Ungekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko, kisha ningekupakulia supu. Basi, salamu. U mzima? Unakula? Na yule msichana wa kwenye picha, mwembamba vile, mwambie aje nimlishe. Mimi ni mzima wa kutosha kuchimba viazi. Magoti yanalalamika, siyasikilizi. Filomena jirani ndiye anayeniandikia, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana, na nimemwapisha aandike ninavyosema, asiyatie sukari maneno yangu.

Nimesikia ulipiga simu mkahawani kwa Albano, ukamuuliza kama baba yako bado amekukasirikia, na kama ukija Agosti atakufungulia mlango. Swali hilo ndilo limenifanya nimkalishe Filomena hapa mezani badala ya kumwacha akapalilie vitunguu vyake. Nitakujibu. Lakini nitaanza na gari, kwa kuwa mliachana kwa ajili ya gari.

Ulichukua Alfa yake bila ruhusa, ukaenda kwenye mashindano ya kupanda mlima, ukaingiza gia ya pili ulipotaka ya nne, na fimbo ya pistoni ikatoboa ubavu wa injini kama goti linavyotoboa suruali. Sijakusamehe, ila nimesahau kukasirika. Ukaona haitoshi, ukaleta ile injini ya Toyota iliyotoka kwenye gari lililobingirika, ukamwambia tuweke hii, ni nyepesi, ina nguvu zaidi. Kijiji kizima kilisikia alivyokujibu. Kwamba kutia injini ya Mjapani ndani ya Alfa ni kumpandikiza askofu moyo wa nguruwe. Kwamba afadhali gari life na heshima yake. Nawe ukamrushia kwamba anapenda bati kuliko mtoto, ukaondoka na basi la asubuhi. Nyote wawili mna vichwa vya punda, na kwa kuwa najua mmevirithi kwa nani, nanyamaza.

Alfa ikabaki bandani. Kuku mweusi akawa anataga kwenye kiti cha dereva. Ile Toyota yako ilikuwa pembeni chini ya blanketi, na baba yako akiipita hugeuza uso kama mtu anayepishana na mke aliyemwacha. Hakuitupa, lakini. Mimi niliona hilo.

Februari mwaka huu, tulipokwisha kuchinja nguruwe, alikwenda mjini kwa daktari kwa ajili ya mapafu. Vumbi la mgodi, unalijua. Aliporudi hakugusa hata supu. Akaenda bandani moja kwa moja, akamfukuza kuku, akavuta blanketi, akaniita: mama, njoo unishikie taa.

Nikashika taa. Hermínio fundi wa kuchomelea akaja na mitungi yake ya gesi na mdomo wake pia, maana havitengani. Akauliza, vipi Belmiro, leo ndiyo askofu anapewa moyo wa nguruwe? Baba yako akasema askofu amekwishakufa, na maiti haichagui. Hermínio akasema basi nikamwite padri aje abariki soseji. Ndivyo walivyokwenda siku zote, mimi katikati na taa yangu kama mjinga.

Injini waliitundika kwenye boriti ile ile tunayotundikia nguruwe, wakaishusha polepole. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Haikuingia, mwanangu. Ilikuwa kama kumvalisha bibi harusi mnene gauni la mdogo wake, ukivuta huku kunabana kule. Sampu, lile bakuli la oili la chini, liligonga vyuma vya usukani. Wakalikata, wakalichomea upya. Mauntingi, vile vishikizo vya injini, hazikukutana na mashimo ya Alfa, baba yako akatengeneza nyingine kwa chuma cha kitanda cha babu yako. Hakuniomba, nami sikumkataza. Shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma ikawa ndefu, ikafupishwa. Na giaboksi ya Toyota ilikuwa nene kuliko nafasi yake, ikabidi bodi yenyewe ikatwe.

Hapo akagoma. Alishika grainda, akaiweka chini, akavuta sigara aliyokatazwa. Hermínio akajitolea kukata, akaambiwa akiligusa gari atakatwa yeye kwanza. Unajua mwenyewe, Alfa ile aliinunua kwa mhandisi wa mgodi ikiwa imegongwa, mwaka uliozaliwa wewe, akainyoosha bati kwa bati, na tangu hapo hakuitoboa hata tundu la kuwekea redio. Kesho yake alikuja hajanywa kahawa, akapiga magoti, akaikata. Uso wake sikuuona. Niliona cheche tu.

Siku ya kuiwasha, Hermínio alishikilia petroli kwenye chupa ya mvinyo, juu, kama padri anavyoinua kikombe. Ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Kuku wote wakatoka mbio. Hermínio akapiga kelele kwamba inalia kama cherehani ya shangazi yake. Baba yako alicheka mpaka akaketi chini. Akaniambia, mama, yule kijana alisema kweli, hii inapumua kuliko ya kwanza, lakini ukimwambia nimesema hivyo nitakana. Basi nimekuambia. Hermínio akamtaka aizungushe japo mpaka kisimani. Akakataa katakata. Akasema, siendeshi ujinga wa mwanangu, aje auendeshe mwenyewe.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Hakuwa na hasira nawe tena. Sasa la pili, la mlango. Filomena, andika, acha kunitazama.

Baba yako alifariki Aprili, wiki ya baada ya Pasaka. Nilimpelekea maziwa asubuhi nikamkuta amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala utotoni. Maziwa niliyanywa mwenyewe, yasiharibike. Tukamzika kando ya mama yako. Watu walikuja wengi, mvua haikunyesha, padri hakurefusha.

Na sikukuita. Albano alitaka akupigie siku ile ile, nikamwambia hapana. Pale pale langoni pa makaburi nikawaambia wote, padri akiwemo, kwamba atakayempelekea Adérito habari hii, mimi na yeye tumekosana mpaka kufa. Unajua wananiogopa. Walitii.

Sikufanya hivyo kukuadhibu. Niliwaza hivi. Hapa kijijini kila mtu amemwona Belmiro akiingia udongoni, kila anayenipita ananitazama kwa macho ya msiba. Lakini huko Luxemburgi kuna mtu mmoja ambaye kwake Belmiro bado yuko hai. Amenuna, amevaa kofia yake mbovu, anagonga nyundo bandani na kutukana. Nikataka mtu huyo abaki. Mmoja tu. Maana wewe nawe ukishajua, Belmiro atakuwa amekufa kila mahali.

Ndiyo sababu ulipopiga simu, Albano alikujibu kwamba Belmiro yuko vile vile. Ni mimi niliyemfundisha. Lakini alipokata simu alikuja hapa, akavua aproni akaitupa mezani juu ya unga wangu, akasema, bibi, mimi simdanganyi tena yule kijana, akipiga tena pokea wewe! Nikamwambia akae, nikampa mvinyo, naye hakunywa. Hapo nikajua kwamba nilikuwa nimemtwisha yeye msiba wangu, na wewe nimekuibia wako. Mtoto ana haki ya kumlilia baba yake. Sikupaswa kukunyima.

Mimi sijalia, Adérito. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu ukadhani bibi yako ana kifua cha jiwe. Nguo nyeusi nilikuwa nazo tangu alipokufa babu yako, hata cha kubadilisha hakuna. Niliamka siku ya pili nikavaa zile zile. Nawapa kuku chakula. Napika, nakula, sijui nimekula nini. Majuzi niliunguza mkono kwenye tanuri la mkate, nikajua kwa harufu. Filomena hapa analia mpaka karatasi imelowa, nami natazama mawingu nafikiria nguo zilizo kambani. Machozi yangu sijui yamekaa wapi.

Hermínio huliwasha gari kila Jumamosi lisije likagandamana, lakini hatoki nalo nje. Anasema serikali inataka ipewe maelezo gari likibadilishwa injini. Hiyo ni kazi yako wewe uliyesoma. Albano anakusalimu, anaomba umsamehe, na wewe umsamehe, kosa ni langu. Filomena anakusalimu, mkono unamuuma. Msalimie yule mwembamba. Ule, ulale. Usinywe peke yako kwa ajili ya habari hii; kama huna budi kunywa, kunywa na watu. Mungu akuweke, na Bikira akufunike.

Mlango utakuwa wazi Agosti yote, kwa hiyo njoo. Lakini ukifika usinipeleke makaburini, njia ile naijua, naiendea kila siku. Ule kwanza, kisha ulitoe hilo gari, nami nitajifunga kitambaa changu vizuri nikae kando yako. Unishushe kwa ile barabara ya mtoni, yenye kona, ukanyage mafuta mpaka chini. Na nikianza kupiga mayowe, Adérito, usipunguze mwendo.

Ni mimi bibi yako,
Adosinda
✗ (msalaba huu nimeuchora kwa mkono wangu)