Plastiki ya Mgongoni

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia nimesimama; tangu tumzike kaka yako, kukaa kumenishinda. Lile paa uliloniuliza halivuji tena. Unauliza pia kama mgongo utaniruhusu kuishi peke yangu, au nihamie kwako. Jana daktari alitazama picha akasema, “Mama, ile plastiki tuliyokuwekea kwenye uti wa mgongo imeyeyuka kidogo kidogo mpaka imekwisha, na mfupa umeota mahali pake. Sasa beba utakacho.”

Unakumbuka kaka yako alivyonikataza kubeba hata birika? “Weka chini, Bibi Plastiki, utayeyuka!”

Leo nilibeba ndoo ya maji mpaka jikoni. Mgongo haukuuma. Nikabaki nimeishika, nasubiri kugombezwa, mpaka vidole vikafa ganzi.

Nitandikie kitanda, wifi. Nakuja.

Wifi yako,
Bibi Plastiki