Dakika Tisa Kabla ya Lango

Tampines, Singapuri
Jumapili, baada ya Alasiri

Dada yangu Sapiah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii imekukuta umeketi, kwa maana goti lako nalijua, na mkaza mwanao ameniambia bado unang'ang'ania kupanda ngazi kwenda kuanika nguo kama msichana. Ile dawa ya kuchua imekufaa? Na sikio je? Shemeji anaendeleaje na kikohozi? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Wifi yako Hasnah anakusalimu sana, na anasema pilipili ya dagaa uliyotuletea imekwisha kabla chupa haijazoea kabati, kwa hiyo usijione umemaliza kazi.

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma mara nne. Hapo ulipoandika kwamba kila ukiweka kichwa kwenye mto unamshukuru Mungu kwa sababu angalau mimi nilikuwepo pale Mama alipokata roho, niliikunja nikaitia mfukoni, nikaenda nayo msikitini, nikarudi nayo, na mpaka leo imo mfukoni. Simu ningepiga, lakini wewe husikii vizuri, na ningelazimika kupaza sauti kwa mambo ambayo hata kuyanong'ona yananishinda. Kwa hiyo naandika. Nivumilie, maana nitaanza mbali kidogo.

Wewe uliolewa ukavuka mpaka kabla hawajajenga yale malango ya ushuru. Ni tao la chuma linalokatiza juu ya barabara kuu, halina mlinzi wala kizuizi. Ukipita chini yake, kimashine kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele kinalia mlio mmoja, na ushuru umeshatoka kwenye kadi iliyomo ndani yake. Bei yake haikai mahali pamoja. Asubuhi watu wakikimbilia kazini inapanda, kisha inashuka kila nusu saa, mpaka saa tatu u nusu, hapo unapita bure. Maana yake ni kwamba mwenye haraka alipe, asiye na haraka angoje, na barabara ipumue. Na kweli inapumua, hilo siwezi kulikana.

Basi sisi watu wa magari ya mizigo tukawa ndio wasio na haraka. Kabla ya lango moja, kwenye barabara ya kuingilia, pana mahali papana kidogo, na hapo ndipo tulipoegesha kila asubuhi, taa za tahadhari zinapepesa, tunangoja saa ifike. Kusimama pale ni makosa, lakini tulijua saa za askari kama tunavyojua saa za swala. Palikuwa na Ah Huat wa samaki, Selvam wa maua ya mahekalu, na mimi na mikate yangu ya shule. Miaka kumi na moja, Dada. Tulikunywa chai ya mfuko wa plastiki pale, tukasutana pale. Ah Huat alikuwa akinicheka kwamba hata nikifa, jeneza langu litaegeshwa hapo mpaka saa tatu u nusu. Selvam akadakia kuwa si hivyo tu, mimi mwenyewe nitagonga kifuniko kutoka ndani niulize ni saa ngapi.

Mama naye alikuwa mle mle. Siku za kliniki ya macho nilimchukua kwenye gari, na yeye ndiye aliyeshika saa, kikapu cha vitumbua mapajani. Alikuwa akiwaambia wale wenzangu kwamba serikali imeweka lango barabarani, na mwanawe ameweka kiti langoni. Wakacheka, naye akawagawia vitumbua. Siku moja nilipita dakika mbili kabla ya wakati, akaninunia mpaka tukafika kliniki, ati nimetupa pesa barabarani. Nakuandikia haya ili ujue kwamba haikuwa ubahili peke yake. Ilikuwa kama mchezo wetu.

Sasa lile ombi lake unalijua, maana alilitoa mbele yako, usiku wa hitima ya Baba. Alinishika mkono akaniambia kwamba wengi watakuja kulia, lakini mimi nisilie, kazi yangu ni kuweka mdomo sikioni mwake na kumtamkisha shahada polepole, kwa sababu ulimi wake utakuwa mzito na atakuwa na hofu. Nikamwambia haya Mama, inshallah. Akasema hataki inshallah ya kuagana, anataka ahadi. Nikamwahidi. Wewe ukalia, yeye akakwambia umeanza mapema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nesi wa hospitali alikolazwa Mama alinipigia nikiwa nashusha mikate ya mwisho ya upande huu wa lango, akasema Mama ananiulizia, na ingekuwa vizuri nifike. Dada, kabla ya hapo walishanipigia mara tatu kwa maneno hayo hayo, na mara zote tatu nilimkuta Mama ameketi kitandani anadai uji wa hospitali hauna chumvi. Nilimpigia Mama mdogo Kalsom, nikaingia garini, nikaondoka.

Wewe na ndugu wote mliambiwa nilienda moja kwa moja. Sikwenda moja kwa moja.

Nilipokaribia lango ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na moja. Barabara mbele yangu ilikuwa nyeupe. Nasema nyeupe kabisa, ungeweza kutandika mkeka. Na mkono wangu ukawasha indiketa ya kushoto. Sikukaa nikafikiri kwamba sasa nitasimama. Mkono uliwasha, gari likaenda pembeni, nikasimama nyuma ya Ah Huat kama siku zote.

Ah Huat akaja dirishani akauliza hali ya Mama. Nikamwambia ananiita hospitali. Akanitazama. Kwa kile Kimalay chake cha sokoni akaniambia kama Mama anaita basi pita, bwana, hapa unangoja nini. Nikamjibu ni dakika tisa tu, huniita hivi kila mara. Akasema mama ni mama. Nami nikamtania, Dada, Mungu anisamehe, nikamwambia asinifundishe, Mama mwenyewe akijua nimelipa ushuru kwa ajili yake atanifukuza wodini. Tukacheka. Nikakaa pale dakika tisa. Nilimaliza chai yangu. Saa tatu u nusu nikapita chini ya tao, kimashine hakikulia, na nakumbuka niliona raha kidogo, ile raha ya kawaida.

Pazia la kitanda lilikuwa limevutwa. Nesi, mwanamke wa makamo kutoka Ufilipino, alinishika mkono kabla sijalifungua, akaniambia dakika sita zilizopita. Sita. Sikuuliza sita ni nini. Kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa uongo. Nilisema kulikuwa na foleni. Akanipigapiga begani, akasema barabara za mji huu hazina mshindi, nisijilaumu. Kisha akanisimulia kwamba Mama alikuwa akitazama mlangoni, midomo inacheza, na kwamba yeye si Mwislamu na hakujua la kumwambia, kwa hiyo alimshika mkono akawa anamrudia neno moja tu, mwanao anakuja, mwanao anakuja.

Niliingia nikapiga magoti. Sikio lake lilikuwa bado na joto. Nikaweka mdomo pale nikaanza kusoma shahada polepole kama alivyotaka, nikasoma tena na tena, nikimsomea mtu ambaye hayupo. Na hivyo ndivyo Mama mdogo Kalsom alivyonikuta alipoingia na chombo chake cha uji. Akainua mikono, akasema Allahu akbar, heri yake dada yangu, kaondoka na shahada ya mwanawe sikioni. Alilia kwa furaha. Kabla sijasimama, alishawapigia watu watatu.

Nilikuwa nimwambie. Wallahi nilikuwa nimwambie. Lakini wakaja waoshaji, kisha makaburini Ah Huat na Selvam walisimama nyuma kwa heshima, Ah Huat akitazama viatu vyake. Siku ya tatu watu wakasimuliana, siku ya saba wakasimuliana, siku ya arobaini imamu akanitaja kuwa mfano wa mtoto mwema. Likawa kama chakula ambacho wengine wanashiba kwacho. Na wewe, Dada, uliyekosa mazishi kwa ajili ya goti, naona wewe ndiye uliyekula zaidi.

Nimemuuliza Ustadhi Yazid, nikijifanya ninamuulizia mtu mwingine. Akasema siku ya mja ikifika haitangulizwi wala haicheleweshwi hata saa moja. Nikamwambia huyo mtu hilo analijua, yeye haulizi siku ya mama yake, anauliza zile dakika zake yeye. Ustadhi akasema nimwambie huyo mtu aswali rakaa mbili na kuomba msamaha. Nimeziswali, Dada. Nimeziswali nyingi hata Hasnah ameanza kuuliza nina shida gani na Mungu.

Tangu siku ile niliapa kwamba pale sisimami tena. Nikawa napita kwa bei yoyote ile, asubuhi ile watu wanapokimbilia kazini, wakati ulio ghali kuliko wote. Nilidhani nikilipa kila siku kuna kitu kitaisha. Hakiishi. Kile kimashine kinalia ule ule mlio mmoja, bei kubwa bei ndogo.

Halafu Alhamisi iliyopita nilikuwa nampeleka Hasnah kwa daktari wa meno. Tulikuwa tunazungumza mambo ya wajukuu. Nikasikia Hasnah ananiuliza tunangoja nini hapa. Nikatazama. Nilikuwa nimeegesha. Taa za tahadhari zinapepesa, saa ni tatu na robo, gari la samaki mbele yangu. Ah Huat alikuwa amesimama kando ya mlango wake na mfuko wake wa chai. Aliniona, akageuza uso akawa anatazama samaki wake. Mkono wangu, Dada. Mkono ule ule. Sijui niufanye nini.

Jumamosi baada ya ijayo tunafanya hitima ya siku mia. Mama mdogo ameshapanga kwamba nikae mbele, karibu na imamu, nisimulie kwa mdomo wangu jinsi Mama alivyoondoka, ili vijana wajifunze. Nikisema ukweli pale, nitamvunja bibi wa watu ambaye hiyo ndiyo faraja yake yote. Nisiposema, nitaweka uongo juu ya Kurani. Nikijitia ugonjwa, watakuja nyumbani kunitazama na uji. Sina mlango wa kutokea, na nguvu ya kuutafuta sina. Wewe ndiye mkubwa wetu. Nimekupokonya hiyo shukrani yako ya kila usiku, na sina cha kukupa mahali pake. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitakuelewa.

Msalimie shemeji na watoto wote. Goti usilipandishe ngazi. Hasnah anakuletea mchele wa pulut, ule unaonata, kwa mkono wa jirani anayekuja huko kwa basi mwezi huu, na mimi ninakuombea kila baada ya swala, kama dua yangu bado ina uzito.

Tafadhali, Dada, nijibu upesi, kabla ya Jumamosi hiyo.

Mdogo wako,
Mislan