Wodi au Chumba cha Dawa

Jumanne, Kariakoo

Itangazwe kwa wote wanaohusika: leo nimekula wali ungali moto.

Nilikuwa na siku ya majaribio katika chumba cha dawa cha hospitali, nikatoka mapema. Kesho daktari anataka jibu: nisomee dawa, au nibaki wodini na zamu za usiku. Mke wangu ameshajibu.

"Chagua dawa, baba Saidi. Chupa haziamki usiku kukuita. Watoto nao wakujue."

Wodini kuna heshima zaidi, lakini...

Mara Bi Zuhura wa chumba cha pili akapiga hodi. Mwanawe anaumwa sikio.

"Mume wangu sasa ni wa dawa tu," mke wangu akamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja, mwenzangu. Dawa ndiyo niitakayo."

Wagonjwa wa wodini angalau hawanifuati nyumbani: hakuna hata mmoja anayekaa nyumba hii.