Unga Mweusi Kwenye Simiti Yako

Baba,

Nimekuchoka. Mtu anakufaje katikati ya ubishi?

Ile chupa ndogo niliyotoka nayo chuoni, ya unga mweusi wa kaboni, unaikumbuka. Nilikueleza ni vijinyuzi vyembamba kuliko unywele, macho hayavioni, vinashikilia simiti isipasuke. Ukacheka hadi ukakohoa. "Miaka thelathini najenga Nakuru, leo binti yangu ananiletea masizi!" Wiki mbili baadaye ukatutoka, na mimi sijamaliza kukujibu.

Basi sikiliza. Januari, fujo za uchaguzi zilitukimbiza hadi Gilgil kwa shangazi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilichomwa. Karakana yako ilipona. Tuliporudi nikamwaga linta tatu za majaribio zenye unga ule, ile mihimili ya konkriti inayolala juu ya mlango. Mbili nikazipima kwa mawe. Zilivunjika mapema kuliko ya kawaida! Ndani nikakuta madonge meusi, kama uji uliokorogwa na mvivu. Nilikusikia kabisa: "Si nilisema?" Nyamaza, Baba.

Halafu Wafula. Huyu mwanao! Akamwambia Mama Chebet, anayejenga upya nyumba yake iliyoungua, kwamba linta zetu zina dawa ya chuo kikuu, hazivunjiki. Mama wa watu akaja na mkokoteni kuchukua ile ya tatu. Watoto wake wangepita chini ya hiyo kitu kila siku! Nikashika nyundo yako, nikaipasua linta mbele yake. Mama Chebet alitazama vipande, akasema, "Sasa wewe nakuamini. Nimwagie ya kawaida, na vyuma vyake." Nikaimwaga huku nalia, sijui kwa nini.

Juzi nimejaribu tena. Nilikoroga unga kwanza kwa maji na sabuni kidogo tu, nikangoja povu lishuke, ndipo nikatia simiti, vile ulivyokuwa ukikoroga rangi nyekundu ya sakafu. Linta hiyo ilibeba mawe mengi kuliko ya kawaida. Ikapata ufa mwembamba, haikukatika. Ni moja tu. Moja si ushahidi, najua, usianze.

Lala sasa, mzee mbishi. Hakuna mtu atakayeishi chini ya majaribio yangu hadi niwe na hakika. Na Agosti nakuja Bungoma kusakafia kaburi lako: simiti, mchanga na kokoto, basi. Hapo umeshinda.

Binti yako,
Nekesa