Ubani wa Mama Mwanaidi

Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri na Jangwani, nasikia, hapapitiki tena. Nimelowa hadi soksi, lakini moyo wangu mwepesi, kwa hiyo naandika kabla haujabadilika.

Kazi yangu, kwa asiyejua, ni kuhakikisha kila taa ya sola inayotoka kwenye karakana yetu, ghorofani hapa Msimbazi, imepita hatua zote sawasawa. Mkataba unaniita injinia wa uzalishaji. Mama yangu kule Moshi anawaambia watu natengeneza tochi.

Wiki hii taa zimerudishwa. Unyevu umeingia, vibao vya umeme vya ndani vimeota kutu, na vanishi ya kuvikinga inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anayeipaka ni dada Zuhura, mtu wa Lindi, analea wanawe peke yake. Mama Mwanaidi, mwenye karakana, akasema Zuhura analipua kazi, Jumamosi iwe mwisho wake.

Sikuamini. Nimemtazama sana Zuhura akipaka, mkono wake hauna haraka kabisa.

Jana niliwahi kazini, ndipo nikaona. Mama Mwanaidi, kama wenye maduka wengi Kariakoo, hafungui biashara bila kufukiza ubani. Chetezo hukiweka karibu na meza ya Zuhura, na moshi wote hutua juu ya vibao vilivyo wazi vikisubiri kupakwa, ukiviachia utando wa mafuta. Nikafunika trei moja, nyingine nikaiacha kama ilivyo. Zuhura akazipaka zote. Leo vanishi ya trei iliyofunikwa imeshika vizuri. Ile nyingine nimeibandua kwa ukucha.

Nikaogopa.

Ubani ule ni dua yake. Mimi Mkristo, umri wa binti yake, naanzaje? Nilikwenda chooni bila haja, nikarudi.

"Shikamoo mama. Naomba uje uone kitu."

"Marahaba. Kitu gani tena?"

Nikamwonyesha trei zote mbili, nikamweleza. Akapitisha kidole juu ya kibao.

"Kwa hiyo moshi wangu ndio unaharibu?"

"Ubani hauna kosa, mama. Tatizo vibao vinakaa wazi. Tukivifunika, wewe fukiza tu."

Nilingoja kufokewa. Badala yake alitembea hadi mezani kwa Zuhura, mbele ya watu wote.

"Zuhura mwanangu, nimekuonea. Nisamehe."

"Yameisha, mama."

Sijawahi kumsikia Mama Mwanaidi akiomba radhi, hata kwa mteja. Leo nimempenda zaidi, nakiri.

Zuhura akainama, akavuta mfuko uliokuwa chini ya meza. Kumbe alishafungasha. Akatoa kikombe chake cha chai, kandambili na kanga ya kuswalia, akavirudisha rafuni taratibu, kimoja baada ya kingine, huku machozi yakimtoka.

Sisi wengine tukajifanya tuko bize.